Jiko Lenye Kona

Kabula mwanangu,

Baba yako anakuja kukuchukua hapo Magamba kwa pikipiki, na barua hii ameitia kwenye mfuko wa shati. Nimemwambia akukabidhi kabla hajakaa, kabla bibi yako hajamwekea ugali, maana akishakaa na mama yake wataanza habari za ng'ombe na barua itarudi huku bila kufunguliwa. Salamu atakupa yeye. Mimi naingia moja kwa moja.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini tangu uondoke hapa umenuna, kila ujumbe ninaokutumia unanijibu "sawa". Nimekuuliza bibi anaendeleaje, sawa. Nimekuuliza umekula nini, sawa. Sasa nimechukua kalamu, nimekaa kwenye kile kigoda changu nyuma ya nyumba na jua bado lipo, nikuandikie maneno mengi kiasi kwamba ukijibu "sawa" utajionea aibu mwenyewe.

Treni ya Tabora ni kesho. Begi lako nimelipanga. Habari za sabuni, chandarua na kutolala na simu chini ya mto sitaziandika, kwa sababu nilishazisema mpaka nikajichosha mwenyewe, na kama hazikuingia kwa masikio hazitaingia kwa macho. Kupika unajua. Usipojua kitu, njaa itakufundisha haraka kuliko mimi.

Najua pia ulichomwambia bibi yako, kwa sababu bibi yako hajawahi kutunza siri hata ya mbegu za maboga. Umemwambia hupandi treni. Utabaki hapo umsaidie kusafisha shamba mpaka mvua zianze, na yule fundi wa Tabora aliyekuita kazini atafute mtu mwingine. Bibi amefurahi sana, maana shamba ni kubwa na mgongo wake umechoka. Mimi sikufurahi. Nataka upande treni hiyo, Kabula. Na ili uipande, inabidi nikueleze kwa nini nilicheka siku ile, na kwa nini baada ya kucheka nilidanganya.

Tuanze na kicheko.

Nilikuwa natoka Kapalamsenga, kwenye harusi ya binti wa dada yangu, na furushi la samaki wa ziwani, migebuka mikavu, mkononi. Nikapita kanisani kwanza nione umefikia wapi na lile paa. Kazi niliyokuachia ilikuwa ndogo, unilowekee vigae tu. Wewe unalijua lile bonde la paa, pale mapaa mawili yanapokutana na maji yote ya mvua yanapokimbilia. Upande wake wa kulia ulikuwa umeporomoka kule chini, na vigae vya kuuziba ni vile vya akiba, vya tanuri la wazee ambalo leo limebaki kama kichuguu na hakuna anayechoma tena vigae vya namna ile. Nilipanga nivikate mwenyewe nikirudi. Nikakuta umeshavikata vyote.

Umevipanga juu ya mchanga, kuanzia kikubwa mpaka kidogo, vimesimama kama wanakwaya wanaosubiri kuimba. Nikaokota cha kwanza. Mkato umenyooka. Ukingo umeumega kwa koleo kidogo kidogo, kama panya anavyokula muhogo, hakuna ufa hata wa unywele. Nikakigonga kwa kidole, kikalia vizuri. Nikasema moyoni, huyu mtoto amenipita, na nakuambia ukweli nilisikia raha na wivu kwa pamoja. Nikaokota cha pili, hivyo hivyo. Halafu nikakigeuza.

Mstari wa chaki ulikuwa mgongoni, upande wenye lile jino la kushika papi, ule ubao mwembamba wa paa. Nikaelewa hapo hapo. Usoni kuna ukungu mweusi wa miaka mingi na chaki haionekani, ukaona uweke kipimo cha ubao mgongoni, kwenye wekundu safi. Lakini ukichora mgongoni kisha ukakigeuza kigae kukilaza juu ya paa, kulia kunakuwa kushoto. Nikageuza cha tatu, nikageuza cha mwisho. Mzigo wote ulikuwa umekatwa kwa ajili ya upande wa kushoto, na upande wa kushoto wa bonde lile ulikuwa mzima kabisa, hauhitaji hata kipande.

Ndipo nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mchanga na migebuka ikamwagika. Uliniuliza, "Mama, unacheka nini?" nikakuonyesha tu kigae, mbele na nyuma. Nikaona uso wako ukibadilika. Na yule mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ambaye siku zote yupo pale kama mlinzi asiyelipwa, akasogea, akatazama, akatikisa kichwa. Akaniuliza taratibu, "Mama Kabula, na wewe uliwahi kukosea hivi?"

Nikasema, "Mimi? Hata siku moja."

Hayo ndiyo maneno yaliyokuumiza, siyo kicheko. Nilikuona. Uliweka koleo chini polepole, ukasema, "Basi mimi siendi Tabora. Fundi gani asiyejua kulia na kushoto," ukaondoka bila kuonja hata samaki mmoja. Na kumbe mimi nilicheka kwa sababu mtoto wa nyoka ni nyoka. Kosa lile lile, Kabula. Mgongoni badala ya usoni, chaki ile ile, kanisa lile lile. Nililifanya mimi nikiwa na umri kama wako, na nimelificha mpaka leo.

Nilifundishwa na mjomba wangu Paskali, kaka wa bibi yako mzaa mama, ambaye hukumkuta. Yeye ndiye alikuwa akitunza mapaa yote ya vigae ya huku kwetu. Wanawe hawakutaka kukaa chini siku nzima na kigae mapajani, wakasema ni kazi ya kufinyanga vyungu. Mimi nilitaka. Kila nilichokufundisha ni chake: kuloweka vigae kwenye pipa usiku kucha ili visiwe na hasira, kugonga na kusikiliza kabla ya kukata, kwamba kigae kizima kinalia na chenye ufa kinakohoa. Kupitisha ncha ya tindo juu ya mstari mara nyingi na kwa wepesi, usitafute kukata, utafute kukikumbusha tu kigae mahali pa kukatikia. Halafu pigo moja dogo kwa chini, basi. Watu wanadhani ni nguvu. Baba yako alijaribu wakati ananichumbia, ili kunionyesha kifua, akapata vipande vya kujaza sufuria.

Siku hiyo mjomba alikuwa amekwenda kuzika jamaa huko Litapunga. Akaniachia kipimo na vigae vya upande mmoja wa bonde lile lile ulilolikuta wewe. Nikataka kumshangaza. Nilikata tangu asubuhi, sikula, nikaimba peke yangu kama kichaa. Aliporudi aliniona nimesimama kando ya safu yangu, nimejaa sifa, akaokota kigae, akakigeuza, akakilaza tena mchangani. Mjomba hakuwa mtu wa kucheka. Nikaelewa kwa namna alivyokilaza, nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto anayetolewa mwiba.

Akaniacha nilie. Akapanda ngazi, akazunguka paa lote kwa miguu yake mirefu, akashuka. Akasema, "Futa makamasi. Tunaanzia upande wa pili." Siku hizo bonde lote lilikuwa wazi pande zote mbili, kwa hiyo vigae vyangu vya makosa vikaenda kushoto, na vya kulia tukavikata pamoja. Ule upande wa kushoto ambao hauna kasoro, ambao mimi nimekuwa nikikuonyesha tangu mdogo na kukuambia tazama mkato ulivyo, ndio huo. Ni makosa yangu yale yamelala pale juu na kupitisha maji ya mvua miaka yote hii. Kila mara waumini wanapousifia mimi huitikia asante, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Kwa nini nilificha? Nikuambie bila kupamba. Nilipoanza kukata peke yangu, mwanamke mwenye tindo alikuwa kitu cha kuja kutazama. Wanaume walikuwa wanasimama nyuma yangu mikono kiunoni, wakisubiri kipasuke wapate kusema si tulisema. Fundi mwanamume akivunja kigae, kigae kilikuwa kibovu. Mimi nikivunja, mwanamke ni mbovu. Kwa hiyo nikajifunza kuvunja kimya kimya. Vipande nilivifunga kwenye kitenge, nikarudi navyo nyumbani jioni, nikavitwanga, nikavimwaga uani na kushindilia. Uani kwetu hakuna tope hata masika ya namna gani, na majirani wanasifu udongo wetu. Siyo udongo. Ulipokuwa unaruka kamba pale na wenzako, mlikuwa mnarukia makosa ya mama yako.

Mazoea yakawa tabia. Hata ulipozaliwa, hata nilipoanza kukufundisha, sikuacha. Nilikuwa navunja ukiwa shule. Ukirudi unanikuta nimekaa na vigae vizima, uso mkavu, nakuambia mambo ya uvumilivu. Nilidhani nakupa mfano mzuri. Kumbe nilikuwa nakuambia kwamba fundi wa kweli havunji, na siku utakapovunja utajua wewe si fundi. Hilo ndilo ninalojutia, mwanangu, na linaniuma.

Ngoja nikupe na mengine, maana nimeshafungua mlango.

Mwaka tuliooana, baba yako alikuwa bado na akili za ng'ombe peke yake. Ndama mmoja aliugua, akamlaza jikoni kwangu, karibu na mafiga, bila kuniuliza. Nikaamka nikakuta sufuria imelambwa. Nikaenda kazini nimefura. Kila nikipitisha tindo namwona baba yako Masanja, kila nikipiga nampiga yule ndama. Nilivunja kigae, nikavunja kingine, nikavunja cha tatu, halafu nikaliminya koleo kwa hasira mpaka pini yake ikachomoka na mkono mmoja ukaruka mpaka kwenye maua ya paroko. Mjomba akaja, akaniangalia, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini wewe leo nenda nyumbani ukagombane vizuri umalize. Nikaenda. Tukagombana vizuri. Ndama akahamishwa, akapona, na ndiye mama wa wale ng'ombe wa bibi yako unaowakamua sasa hivi. Tangu siku hiyo sikati kigae nikiwa na mtu kichwani. Nikihisi kuna mtu, naweka tindo chini naenda kuzungumza naye, au naandika barua.

Na kuna kazi ya nyumba moja pale mjini, nyumba ya mwalimu mstaafu. Nilikata vizuri kila kitu na sikuweka hata alama kwenye vigae kuonyesha kipi kinakwenda mstari upi, kwa sababu nilijiamini kwamba nitakumbuka. Mke wa mwalimu, mama mwema sana, akaona vimekaa ovyo, akanipangia kwa ukubwa na kuvifuta vumbi wakati nimekwenda kunywa uji. Nilitumia siku mbili kuvirudisha kwenye mpangilio, na kila nusu saa ananiletea chai na kuniuliza kama kazi yangu siku zote ni ya polepole hivi. Nikamjibu ndiyo mama, vigae havitaki haraka. Alama ya chaki ingenimalizia kazi asubuhi ile ile.

Sasa nirudi kwenye uongo wangu. Ulipoondoka, sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake. Nilikuwa nimejipanga kama mtu anayekwenda kuungama. Nikamkuta anachambua maharage na mkewe. Nikamwambia kwamba jana nilisema uongo mbele ya mwanangu, kwamba hata mimi nilikata mgongoni, na kwamba ule upande wa kushoto wa bonde ni kosa langu tangu zamani. Nikasimama kusubiri dunia ipasuke.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mbona tunajua."

Nikamuuliza mnajua nyie nani. Akasema wote. Mjomba Paskali aliwasimulia mwaka ule ule, kwenye sherehe ya mavuno, akaigiza mpaka nilivyolia. Watu wakacheka, halafu mjomba akawaambia atakayemtania yule binti usoni atatafuta fundi mwingine wa paa lake. Na kwa kuwa mvua zilikuwa karibu, kila mtu akafunga mdomo, na mdomo ukazoea kufungwa. Nikamuuliza, sasa jana uliniuliza ya nini? Akasema, "Nilikuwa nakupa nafasi umwambie mtoto."

Kabula, nilirudi nyumbani nikiwa sijui nicheke au nijifunike. Miaka yote hiyo nimebeba vipande kwenye kitenge, na watu wananiona nabeba, wananisalimia na kunipisha njia. Mkewe hata aliniambia walikuwa wanajiuliza kwa nini uani kwetu kunazidi kuinuka. Nilichoka ule uchovu mzuri wa kutua mzigo. Nikasema lazima nikuandikie, kwa sababu wewe una akili yangu na kiburi changu, na usipoambiwa mapema utajenga uani wako mwenyewe huko Tabora.

Paa la kanisa limekwisha, usiwe na wasiwasi. Unakumbuka ule mlundo wa vigae vizima chini ya mnazi dume, ambao baba yako anauita mahari ya mama? Nimeukusanya kidogo kidogo kila nyumba ya zamani ilipobomolewa, nikingoja siku nitakayoezeka jiko langu. Nimeuliza kamati kama nitalipa vigae kwa vigae, wakakubali. Nikachukua kwenye mlundo idadi ile ile uliyoikata wewe, nikavikata kwa upande wa kulia, usoni, nikiwa nimekivaa kile kitenge cha zamani kwa makusudi. Kimoja kilipasuka. Nikakiacha pale pale juu ya mchanga, watu wakapita wakakiona. Hakuna aliyesema kitu, isipokuwa mbuzi wa paroko aliyekilamba.

Kwa hiyo vile vyako vya kushoto sasa ni mali yangu. Nimevihesabu vyote, vimefika nyumbani kwa mkokoteni, na hakuna kilichovunjika njiani, maana vimekatwa na mtu anayejua kazi.

Nikamwambia baba yako nataka kuviezekea jiko. Akasema jiko halina bonde. Ni kweli, unalijua lile jiko, kuta zake zimesimama tangu kiangazi kilichopita zikisubiri paa, nne tu, limenyooka kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Nikamwambia basi litiwe kona. Aongeze baraza upande wa mashariki, paa la baraza likutane na paa la jiko, bonde litapatikana. Akasema, "Nijenge baraza kwa sababu mtoto amekosea kukata?"

Nikamwambia ndiyo.

Akasema kwao mtu akipata kamba anatafuta ng'ombe, siyo vibaya. Akaenda kutafuta nguzo. Amefanya kazi siku zote ulizokuwa hapo Magamba, ndiyo maana hakuja kukuona, usimnunie na yeye. Shida ilikuwa moja tu: vigae vimekatwa kwa mwinuko wa paa la kanisa, kwa hiyo ilibidi jiko nalo liinuke hivyo hivyo, vinginevyo mkato haukai. Jiko letu sasa limechongoka juu kuliko nyumba. Jirani amekuja kuuliza tutaweka kengele lini.

Nikuambie neno kuhusu yule fundi wa Tabora. Alipokuja kiangazi kutazama paa letu, alinisalimia mimi vizuri, akapita, akaenda kusimama mbele yako. Alitazama mikono yako muda mrefu. Niliumia kidogo, sitaficha, nimeacha kuficha. Yeye hakukuchukua kwa sababu ni mtoto wangu, wala mimi sikukuombea. Ana nyumba ya zamani yenye mabonde mengi kuliko vidole, na alimwona mtu anayekata vizuri. Na vigae vyako hivi nilivyoviona kwenye mchanga, hata vikiwa vya upande usiotakiwa, ni mkato bora kuliko wangu. Nilitaka kukuambia siku ile. Kicheko kikanitangulia, na uongo ukafuata.

Huko utakuta wana grenda. Ukitaka kuitumia, itumie, mimi si adui wa mashine, na mgongo wangu ungeishukuru. Ila vigae vya zamani ina kawaida ya kuvitia nyufa, na umeme ukikatika utakuta wenzako wamekaa kivulini wewe unaendelea. Nimekutilia tindo ya mjomba kwenye begi, ndani ya soksi. Koleo ni lile lile lililoruka kwenye maua, pini yake baba yako aliitengeneza kwa msumari wa treni na haijalegea tena.

Na ukivunja, mwanangu, vunja mchana. Waonyeshe. Ukikata mgongoni, zunguka paa lote kwanza kabla ya kulia, huenda upande wa pili unakungoja. Na kama hakuna upande wa pili, nipigie simu, tutaangalia nani ana jiko.

Sasa funga barua, muage bibi, mwambie shamba atasaidiwa. Mimi na baba yako tutakwenda wenyewe wiki ijayo, na hiyo ni adhabu yangu, nimeikubali. Panda pikipiki.

Ukifika nyumbani usiingie ndani kwanza. Zunguka nyuma, simama uani penye vipande vyangu, uinue macho. Utaona jiko lenye kona. Upande wa kushoto wa bonde umekwisha, vigae vyako vyote viko juu, tangu kikubwa mpaka kidogo, na baba yako amevimwagia ndoo ya maji nikiwa nimekaa chini yake na barua hii, wala halijadondoka tone.

Upande wa kulia nimeuacha wazi. Baba yako alitaka nimalizie, tindo ilikuwa bado ninayo, nikakataa. Nimefunika kwa turubai. Vigae vya upande huo, vizima, nimevipanga chini ya kitanda chako ili mtu asipate wazo la kukigawa chumba. Mvua zitakuja, turubai litavuja, nitapika huku nimehamisha sufuria, na kila tone likiniangukia nitajua lipo bonde hapa lenye upande mmoja, na mwenye upande wa pili yuko Tabora kazini, na atarudi.

Usoni, Kabula. Chora usoni.

Mama yako,
Yustina